Tiketi ya mzunguko na daftari la hesabu: tathmini ya adhabu za ligi kwa klabu zinazofuja fedha

Anayenunua tiketi ya mzunguko, yaani ya majukwaa ya bei ya chini, katika Uwanja wa Jamhuri hapa Dodoma hununua vitu viwili kwa bei moja. Cha kwanza ni dakika tisini za mpira, ambazo kila mtu huziona na kuzihukumu mwenyewe. Cha pili ni dhamana ya ligi: kwamba timu zote mbili zilizoingia uwanjani zimesajili wachezaji kwa fedha walizonazo, kwamba wachezaji hao wanalipwa, na kwamba timu iliyocheza leo itakuwapo msimu ujao. Dhamana hiyo ndiyo huduma ninayoitathmini hapa, na njia pekee ya kuipima ni kutazama kile ambacho ligi hufanya pale klabu inapovunja mambo hayo matatu. Naandika nikiwa mtazamaji wa miaka mingi wa Ligi Kuu yetu, mlipaji wa king'amuzi kama wenzangu wengi, na mtu ambaye kazi yake ya kila siku ni uhasibu.

Nianze na daftari, kwa sababu ndilo lililonifanya nilichukulie jambo hili kwa uzito. Miaka michache iliyopita viongozi wa klabu moja ya madaraja ya chini katika mikoa hii ya kati waliniomba niwasaidie kupanga hesabu zao kabla ya mkutano mkuu. Nililetewa kaunta buku moja na bahasha ya kaki iliyojaa risiti, nyingine zimefifia hata hazisomeki. Kurasa za mwanzo ziliandikwa kwa mwandiko mzuri: mchango wa mdhamini, fedha za usajili, nauli. Kuanzia katikati maandishi yalipungua, na mahali pengi paliandikwa tu "mkopo kwa Mwenyekiti", bila tarehe wala sahihi ya pili. Kurasa za mwisho zilikuwa za kalamu ya risasi, zikionyesha deni la mama lishe aliyekuwa akilisha kambi: sahani ishirini na nne mchana, sahani ishirini na nne usiku, siku baada ya siku, miezi miwili na nusu. Hakuna mahali palipoonyesha kwamba amelipwa.

Klabu hiyo ilishindwa kusafiri kwa mechi mbili. Ilikatwa pointi, ikatozwa faini ambayo haikuwa na fedha za kuilipa, na ikashuka. Mwenyekiti aliyesaini mikataba alijiuzulu kwa barua ya mistari mitatu na kuendelea na shughuli zake. Beki mmoja wa timu hiyo, kijana aliyekuwa amepanga chumba Chang'ombe, alinionyesha mkataba wake kwenye simu: alikuwa anadai mishahara ya miezi mitano, na baba mwenye nyumba alikwisha mpa notisi. Adhabu ya ligi ilimfikia yeye, ikamfikia mama lishe, ikatufikia sisi tuliolipa kiingilio. Haikumfikia aliyekopa. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiiuliza kila adhabu maswali mawili: je, inamfikia aliyesaini, na je, inafika kwa wakati?

Ligi Kuu ya Uingereza, ambayo ndiyo tunayoitazama zaidi kwenye mabanda yetu, hupata alama nzuri kwa uwazi na alama mbaya kwa wakati. Kanuni yake ya faida na uendelevu iliruhusu klabu kupata hasara ya hadi pauni milioni 105 katika miaka mitatu. Everton ilikutwa na hasara ya pauni milioni 124.5 katika kipindi cha hesabu kilichoishia msimu wa 2021/22, yaani ilivuka mpaka kwa milioni 19.5. Novemba 2023 ilikatwa pointi 10, rufaa ikazipunguza kuwa 6 Februari 2024, kisha Aprili mwaka huohuo ikakatwa nyingine 2 kwa kosa la kipindi kilichofuata. Hukumu ziliandikwa kwa kirefu na kuwekwa hadharani, kila hoja ikijibiwa, na hilo ni jambo ambalo ningependa kuliona hapa kwetu hata kesho.

Lakini tazama tarehe. Msimu wa 2021/22 Everton ilimaliza ikiwa na pointi 39, nayo Burnley, ikiwa na pointi 35, ikashuka daraja. Pointi 6 zilezile zingekatwa msimu huo, Everton ingebaki na 33 na Burnley ingesalia. Adhabu ilikuja mwaka mmoja na nusu baadaye, ikawaangukia wachezaji na kocha ambao wengi wao hawakuhusika, na klabu iliyoumia haikurudishiwa kitu. Mnunuzi wa tiketi wa Burnley alilipia ligi ambayo msimamo wake haukuwa wa kweli, na hakuna aliyemwambia mpaka ilipokuwa imechelewa. Katika uhasibu tunajua kwamba hesabu iliyofungwa kwa kuchelewa hupotosha kila uamuzi uliofanywa kabla yake, na ligi ya mpira hutegemea hesabu za wiki hadi wiki kuliko biashara nyingi.

Nottingham Forest nayo ilikatwa pointi 4 Machi 2024 baada ya kuvuka kwa pauni milioni 34.5 kikomo chake cha pauni milioni 61, kilichokuwa kidogo kwa kuwa misimu miwili kati ya mitatu ilikuwa daraja la chini. Sehemu ya utetezi wake ni kwamba ilichelewa kumuuza Brennan Johnson kwenda Tottenham ili ipate bei bora, ikapitiliza tarehe ya kufunga hesabu ambayo ni 30 Juni. Tume haikuukubali utetezi huo, nami naona ilifanya sawa, maana kila mfanyabiashara wa zabibu hapa Dodoma anajua kwamba tarehe ya kulipa mkopo haisogei kwa sababu bei ya msimu itapanda mwezi ujao. Kinachonisumbua ni ulinganifu. Klabu mbili za kati zilisikilizwa na kuadhibiwa ndani ya msimu mmoja, ilhali Manchester City, iliyofunguliwa mashtaka zaidi ya 100 Februari 2023 na ambayo inayakana, iliona misimu miwili mizima ikipita bila uamuzi. Iwe ina hatia au haina, kesi ya namna hiyo ikikaa muda mrefu huwadhulumu wote wawili, mshtakiwa na mshindani wake.

Kuna adhabu nyingine ya Uingereza, katika Ligi Kuu na katika ligi za chini yake, ile ya klabu iliyoshindwa kulipa madeni na kuwekwa chini ya msimamizi wa ufilisi. Portsmouth, iliyotwaa Kombe la FA mwaka 2008, ilikuwa klabu ya kwanza ya Ligi Kuu kufikia hapo, mwaka 2010, ikakatwa pointi 9 na kushuka. Luton Town ilianza msimu wa 2008/09 ikiwa imekatwa pointi 30, ikatoka kabisa katika ligi za kulipwa na kukaa nje miaka mitano kabla ya kupanda tena hatua kwa hatua hadi Ligi Kuu mwaka 2023. Bury, iliyoanzishwa mwaka 1885 na kutwaa Kombe la FA mara mbili, ilifukuzwa Agosti 2019. Wapo wanaoisifu Luton kama ushahidi kwamba adhabu kali hujenga. Sikubaliani nao. Luton ilijengwa upya na mashabiki wake, waliobeba mzigo ambao hawakuutengeneza, na kwa kila Luton kuna Bury.

Kuna jambo moja katika mfumo huo ambalo halijadiliwi vya kutosha, na ambalo kila nikilisoma namkumbuka yule mama lishe. Kanuni ya Waingereza inataka klabu iliyofilisika iwalipe kwanza, na kwa ukamilifu, wadai wa ndani ya mpira: wachezaji na klabu nyingine. Kwa miaka mingi wadai wengine, kuanzia mamlaka ya kodi hadi mtu wa usafi, mwenye duka la nyama na wahudumu wa huduma ya kwanza, waligawana kilichobaki, na mara nyingi kilichobaki kilikuwa senti chache kwa kila pauni. Mamlaka ya kodi ya nchi hiyo iliipinga kanuni hiyo mahakamani na ikashindwa mwaka 2012. Ninaelewa sababu yake, kwamba klabu ikibaki na deni kwa washindani wake ligi huvurugika. Lakini ligi inayowalinda watu wa mpira kwa kuwatosa wanaowalisha imejitengenezea deni la aina nyingine katika mji wake, na mji huo ndio unaokata tiketi.

Huduma niliyoipenda kuliko zote ni ya Hispania, kwa sababu huanza kazi kabla ya mpira kupigwa. Tangu mwaka 2013 La Liga huipangia kila klabu kiwango cha juu cha gharama za kikosi kulingana na mapato yake na madeni yake, na mchezaji anayezidisha kiwango hicho haandikishwi. Dunia nzima iliona maana yake Agosti 2021, Barcelona iliposhindwa kumwandikisha Lionel Messi, naye akaenda Paris. Hakuna pointi iliyokatwa, hakuna timu iliyoshushwa, wala hakuna mshabiki wa klabu nyingine aliyedhulumiwa. Rais wa klabu alilazimika kusimama mbele ya wanachama wake na kueleza kwa nini fedha zimekwisha, na hiyo ndiyo adhabu ninayoitafuta, kwani ilimfika mwenye kalamu mkononi siku ileile aliyotaka kusaini.

Hispania pia inajua kuwa mkali. Mwaka 2015 Elche ilimaliza nafasi ya 13, lakini ikashushwa daraja kwa madeni ya kodi, na Eibar iliyokuwa imeshuka ikabaki. Hapo adhabu ilitolewa kabla ya msimu mpya kuanza, na aliyestahili nafasi akapewa. Kasoro ya mfumo huu ni kwamba mwenye mapato makubwa hupewa kikomo kikubwa, hivyo klabu ndogo inaweza kukaa ndogo milele hata kama tajiri mwaminifu yuko tayari kuweka fedha zake taslimu. Ningelegeza hapo: fedha iliyowekwa benki mapema kama zawadi, isiyo mkopo, iruhusiwe.

Ufaransa nao wana chombo cha kukagua hesabu za klabu kila mwaka, ambacho kimeweza kuzigusa hata klabu zenye majina. Bordeaux, bingwa wa nchi hiyo mara sita, iliangukia daraja la nne mwaka 2024 kwa sababu ya fedha. Lyon iliamriwa kushuka Juni 2025, kisha ikasalia kwa rufaa mwezi uliofuata baada ya kubadili uongozi na kuonyesha fedha. Mfano wa Lyon unanipendeza: tishio lilikuwa la kweli, lilikuja wakati wa mapumziko, na aliyeondoka alikuwa kiongozi.

Sasa nirudi nyumbani. Adhabu ya fedha inayofanya kazi hapa Tanzania ni ile ya FIFA ya kufungia usajili. Mchezaji au kocha wa kigeni asiyelipwa hupeleka madai yake huko, na klabu isiyolipa baada ya hukumu huzuiwa kusajili, hadi madirisha matatu mfululizo, mpaka ilipe. Tumeona klabu zetu, kubwa kwa ndogo, zikitangazwa kufungiwa, na tumeona pia namna deni lililokaa mwaka mzima linavyolipwa ndani ya siku chache dirisha linapokaribia kufungwa. Hiyo inathibitisha kwamba fedha ilikuwapo, au ingeweza kupatikana. Ubaya ni kwamba mlango huo wa FIFA ni wa migogoro yenye sura ya kimataifa. Kijana wa Kondoa anayeidai klabu ya Tanzania hupeleka madai yake kwa kamati ya ndani ya TFF, shirikisho letu la mpira, inayoshughulikia sheria na hadhi za wachezaji, na kwa uzoefu wangu wa kuzungumza na wachezaji, wengi hawafiki huko, kwa kuwa wanaogopa kuitwa wasumbufu na kukosa timu msimu ujao. Kwa hiyo katika chumba kimoja cha kubadilishia nguo kuna mshambuliaji wa kigeni mwenye uhakika wa kulipwa siku moja na kiungo wetu asiye na uhakika wowote. Sioni sababu ya kanuni ya ndani kuwa dhaifu kuliko ya nje. Deni la mchezaji mzawa lililothibitishwa lifunge usajili vilevile, na klabu isiachiwe kuandikisha hata kipa wa akiba mpaka ionyeshe hati ya benki.

Nguvu ya kufanya hivyo ipo. Utaratibu wa leseni za klabu unaotokana na CAF, shirikisho la mpira la Afrika, una vigezo vya michezo, miundombinu, utawala, sheria na fedha. Kigezo cha miundombinu tunakijua vizuri, maana tumeona viwanja vikifungiwa hadi nyasi zirekebishwe na vyumba vipakwe rangi, na timu zikihamia mikoa mingine kucheza mechi za nyumbani. Tumezoea pia kusoma taarifa za klabu kutozwa faini kwa kuingia uwanjani kupitia mlango usio rasmi. Sijazoea kusoma taarifa ya klabu iliyonyimwa leseni kwa sababu hesabu zake zilizokaguliwa hazikuwasilishwa. Ligi inayoweza kukagua nyasi inaweza kukagua daftari.

Na fedha ya kuibana klabu ipo. Mkataba wa haki za matangazo uliosainiwa na Azam Media mwaka 2021 ni wa miaka 10 na thamani ya shilingi bilioni 225.6. Mgawo wa klabu hutoka kwenye mfuko wa pamoja kabla haujafika kwenye akaunti ya klabu, na hapo ndipo ningeweka adhabu yangu ya kwanza: klabu ikithibitika kuwa na mishahara ya miezi miwili isiyolipwa, sehemu ya mgawo wake iende moja kwa moja kwa wachezaji, wafanyakazi na watoa huduma wa kambi, akiwamo mama lishe, na kiasi kinachobaki ndicho kiende klabu. Ni utaratibu rahisi kuliko kukata pointi, na hakuna anayelala njaa wakati rufaa inasikilizwa. Anayekumbuka msimu wa 2018/19, Ligi Kuu ilipochezwa na timu 20 bila mdhamini mkuu, timu zikisafiri kwa basi kutoka Kagera hadi Mtwara kwa fedha za kuungaunga, anajua kwamba fedha hizi za sasa zimekuja kwa jasho na hazifai kupotelea mikononi mwa watu wachache.

Suala la klabu kuuza nafasi yake katika ligi linatuhusu sana watu wa kanda hii. Majirani zetu wa Singida waliiona Singida United ikipanda Ligi Kuu mwaka 2017, ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nchini mwaka 2018, na mwaka 2020 ikashuka. Baadaye mkoa huo umepata Ligi Kuu kwa majina mengine, na mwaka 2024 nafasi iliyokuwa ya Ihefu ya Mbarali ikawa Singida Black Stars. Sisemi kwamba mabadiliko hayo yalifanywa kukwepa deni. Ninachosema ni kwamba ligi inayoruhusu nafasi kuhama kutoka mkono mmoja hadi mwingine lazima iandike katika kanuni zake kwamba deni huifuata nafasi, pamoja na kesi na adhabu zote zilizokuwa zikiendelea, la sivyo njia nyepesi ya kukimbia adhabu itakuwa kubadili jina na rangi ya jezi.

Timu ya mji wetu, Dodoma Jiji, ina hali yake ya pekee, kwa kuwa ni ya Halmashauri ya Jiji. Ipo Ligi Kuu tangu msimu wa 2020/21, wanaiita Walima Zabibu, na tunaipenda. Timu kama hii ikikosea katika fedha, nitampa adhabu nani? Nikiikata pointi, nimemwadhibu mlipa ushuru wa Soko la Majengo mara mbili: fedha yake imepotea na timu yake imeshuka. Kwa klabu za halmashauri, na tunazo kadhaa nchini, adhabu inayofaa ni ya mtu mmoja mmoja: afisa aliyeidhinisha malipo nje ya bajeti afungiwe kushika nafasi yoyote katika mpira kwa miaka inayotajwa, na suala lake lipelekwe kwa mkaguzi wa fedha za umma kama lingepelekwa suala la barabara au zahanati. Kukata pointi ningekubakiza kwa hali moja tu, ile ambayo klabu imetumia fedha isiyo yake kupata wachezaji walioishindia mechi, na hapo zikatwe katika msimu uleule, kabla ya mzunguko wa mwisho, ili Burnley wa kwetu asishuke bure.

Kwa mizani hiyo naipa Hispania nyota nne kati ya tano, Ufaransa tatu na nusu, Uingereza tatu kwa ajili ya hukumu zake zilizoandikwa vizuri. Huduma ya kwetu naipa mbili, moja ikiwa ya FIFA. Nyota ya tatu nitaiongeza siku nitakapofika dirisha la tiketi pale Jamhuri nikakuta, kwenye ubao uleule unaobandikwa bei za viingilio, karatasi moja yenye mihuri miwili, wa mkaguzi na wa Bodi ya Ligi, ikionyesha timu zote mbili zinazocheza siku hiyo zimelipa mishahara hadi mwezi gani, na mpishi wa kambi hadi wiki gani.